Nafasi ya Nne

Mtaani walimwita Kitasa, na hakulichukia jina hilo. Alikuwa fundi wa kufuli na funguo tangu ujana wake, mwenye kijiduka kilichobanwa kati ya fundi cherehani na mahali pa kutoa nakala za karatasi, chembamba kiasi kwamba mteja mnene aliingia kwa ubavu. Ndani mlikuwa na meza, jiliwa la kubania vyuma, mashine ya kuchonga funguo yenye kelele za kuudhi, na ukuta mzima wa funguo zilizoning'inia kwenye misumari.

Alikuwa na miiko miwili ya kazi. Akifungua mlango wa mtu, alisimama akiukinga kwa mgongo wake mpana ili asiyehusika asione mkono unafanya nini. Na akishaufungua, hakuusukuma. Aliufunga tena, akageuka, akamkabidhi mwenye nyumba ufunguo na kusema, "Fungua mwenyewe." Watu waliisifu sana adabu hiyo. Hawakujua kwamba mama wa adabu hiyo alikuwa shaka: Kitasa aliamini kila binadamu ana lake jambo, ila wengine hawajapata nafasi tu.

Tusimlaumu. Ukikaa miaka na watu wanaotaka kubadilishiwa kitasa kabla mume hajarudi safari, au wanaotaka kuchongewa kimyakimya ufunguo wa chumba cha mama mkwe, hata wewe ungeanza kuhesabu vijiko wageni wakiondoka.

Basi mwaka ule vitu vikaanza kumpotea. Kwanza ilikuwa tupa yake ndogo, ile ya kulainishia meno ya ufunguo. Akaitafuta mchana kutwa. Kesho yake akaikuta mezani, imelala mahali pake kana kwamba haijawahi kuondoka. Ikafuata bisibisi nyembamba, kisha miwani, kisha kifuniko cha chupa ya chai. Vilipotea, vikarudi. Hapo machale yakamcheza. Mwizi anayeiba anaeleweka. Huyu anayerudisha anataka nini? Kitasa alilipata jibu upesi, maana kwa mambo ya namna hiyo kichwa chake kilikuwa chepesi mno: anataka nionekane nimerukwa na akili.

Akabadilisha kitasa cha duka. Vitu vikaendelea kutoka na kurudi. Akabadilisha tena, safari hii akatia kile ambacho yeye mwenyewe angetokwa jasho kukifungua bila ufunguo. Wapi. Mtu alikuwa anaingia, na alikuwa anaingia kwa ufunguo.

Ufunguo wa akiba ulikaa nyumbani, mfukoni mwa koti lake la zamani, nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Chumba hicho kiliingiwa na watu wawili, yeye na mkewe. Na mkewe alikuwa na kaka, dereva wa lori aliyeachishwa kazi, ambaye siku hizo alishinda dukani akijifunza kuchonga funguo. Alikuwa mtu mpole, mwenye kucheka hata pasipo cha kuchekesha, na Kitasa hakuwahi kumwamini mtu wa namna hiyo. Sasa hesabu ikamkaa sawa kichwani. Mke anatoa ufunguo, shemeji anaingia, mzee anaonekana punguani, duka linahama mkono. Alikata shauri kwamba duka halitahama, na kuanzia siku hiyo akawa anawala wote wawili kisogo kabla hawajamla yeye.

Kilichofichua mambo ni kisa cha mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani. Mama huyo alimwita asubuhi amfungulie mlango uliokwama, Kitasa akamfungulia vizuri, akaenda zake. Saa tisa alasiri Kitasa akatokea tena na kisanduku chake cha vifaa.

"Nimekuja kwa ule mlango, mwalimu."

"Mlango gani, fundi? Si ulinifungulia asubuhi? Mimi nimesimama ndani, unaniona."

Kitasa alijitia hamnazo, akasema amekuja kuhakikisha kama haujakwama tena. Mwalimu hakudanganyika. Jioni ile ile habari ikamfikia mkewe, na mkewe akangoja mpaka chai imemiminwa.

"Baba, twende hospitali ukapimwe."

"Nipimwe nini? Presha nilishapimwa."

"Akili."

Kitasa akatua kikombe. Kwa watu wengi neno hilo lina mlango mmoja tu: anayepimwa akili ni mwendawazimu, au yuko njiani.

"Kwa hiyo mmeshafika huko," alisema.

"Tumefika nani? Mimi niko peke yangu hapa."

"Na kaka yako yuko wapi?"

"Kaka yangu ameshinda barazani pa duka lako, kwa sababu umeondoka na ufunguo hukusema unakwenda wapi."

Alikubali kwenda kwa sababu moja, na hakuisema. Alitaka karatasi. Mtu mwenye karatasi ya hospitali inayosema ana akili timamu, nani atamnyang'anya duka?

Aliyempima alikuwa mtaalamu wa saikolojia, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu na saa ya kupimia muda. "Karibu, baba," alisema. "Uwe na amani. Hapa hakuna kufaulu wala kufeli."

Kitasa akajua papo hapo kwamba kufeli kupo.

Maswali yalianza mepesi, na wepesi huo ndio uliomtia wasiwasi. Alipoulizwa daraja na ngazi vinafananaje, aliuliza kwanza nani anataka kujua. Kisha akapewa vipande vya mbao vyekundu na vyeupe, avipange vifanane na mchoro. Akaviinamia, akavikinga kwa kifua na mkono, akavipanga. Alipomaliza tu, akavivuruga na kumsogezea mtaalamu.

"Mbona umevunja, baba?"

"Nimemaliza. Sasa panga mwenyewe."

Mtaalamu akabeba kiti chake, akaja kukaa ubavuni pake. "Hebu tuanze tena. Safari hii ukimaliza, acha wazi." Kitasa hakupenda, lakini aliacha wazi, na vyote vilikuwa sawasawa.

Baadaye akasomewa kisa kifupi cha mwanamke aliyesahau mwavuli wake posta, akaambiwa akisimulie. Alikisimulia vizuri, akaongeza na lake, kwamba mwavuli haukusahauliwa, uliibwa. Wakaendelea na mambo mengine, picha na tarakimu. Muda ukapita.

"Sasa baba, nisimulie tena kile kisa cha mwanzo."

"Kisa gani?"

"Nilichokusomea."

Kitasa akamkazia macho. Huyu naye, alijisemea moyoni. Sauti nzuri namna hiyo, kumbe wamemnunua. "Hujanisomea kisa chochote," alisema, na mtaalamu akaandika bila kubisha.

Majibu yalipotoka, mkewe alipewa bahasha iliyogundishwa, akaambiwa waje nayo Jumatatu waelezwe, wasiifungue wenyewe. Ukimwambia fundi kufuli asifungue kitu, umemtuma akifungue. Siku hiyo hiyo, mkewe alipokuwa uani akianua nguo, Kitasa aliifungua kwa mvuke wa birika, akaisoma, akaigundisha tena bila hata kunyanzi moja.

Mengi hakuyaelewa, ila mistari mitatu aliielewa barabara. Maneno na maelezo: nafasi ya 75 kati ya 100. Maumbo: nafasi ya 84. Kukumbuka mambo mapya: nafasi ya 4.

Nafasi ya nne! Shuleni, Kitasa hakuwahi kushika nafasi yoyote ya kumfanya baba yake avae shati safi siku ya kufunga shule. Sasa watu mia wamepangwa mstari, na kwa kumbukumbu walio mbele yake ni watatu tu. Maneno hakuyajali, hakuwa msemaji. Maumbo yalimuuma kidogo, lakini akajiambia meza ya mtaalamu ilikuwa ikiyumba. Usingizi wa mchana alioupata siku hiyo ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi.

Jumapili walipokuwa mezani, shemeji naye akiwepo, alishindwa kujizuia.

"Mnajua kumbukumbu yangu ni ya ngapi? Ya nne. Kati ya mia." Akaacha iwaingie. "Sasa mtu wa nne kati ya mia anasema hivi: tupa yangu haikutembea kwa miguu. Nani anaingia dukani kwangu?"

Shemeji alicheka, si kwa ubaya, ndivyo alivyoumbwa. "Hongera, shemeji."

"Usinicheke ndani ya nyumba yangu."

Kicheko kikamkauka. Mkewe hakuuliza bahasha ilifunguliwa lini. Alimtazama mumewe kwa macho ambayo Kitasa alikwisha kuyaona kwa wateja wengi: macho ya mtu anayejua kilicho nyuma ya mlango. "Tungoje Jumatatu," alisema, akaanza kukusanya sahani kabla watu hawajashiba.

Jumatatu wakakaa watatu ofisini, mtaalamu na mtu na mkewe. Mtaalamu aliitoa karatasi, lakini Kitasa akamuwahi.

"Mimi nimeshaelewa. Nataka tu uweke muhuri hapo penye nafasi ya nne."

Mtaalamu akaiweka karatasi chini. "Baba, hiyo nafasi umeihesabu kuanzia wapi?"

"Kuanzia inapoanzia. Juu."

"Hapa tunahesabu kuanzia chini." Alisema polepole, kama mtu anayeshusha mzigo asiutupe. "Chukua watu mia wa umri wako, uwapange. Kwa maneno, umewapita kama sabini na tano. Kwa maumbo, themanini na nne, na nilikuona kwa macho yangu. Kwa kukumbuka mambo mapya, nyuma yako wamebaki wachache sana. Hao wanne."

Nje mtu alikuwa akiburuta kitanda cha magurudumu.

"Mstari huo aliupanga nani?" aliuliza Kitasa.

"Swali zuri. Na ndiyo maana sikupi namba moja ya jumla, ingawa wengi huitaka. Mwenye mguu wa kiatu namba sita na mwingine wa namba kumi, ukimnunulia jozi ya namba nane, mmoja utabanwa na mwingine utapwaya. Si akili yako yote yenye kasoro, baba. Ina tundu moja. Sababu ya tundu hilo karatasi hii haiijui. Inaweza kuwa damu, usingizi, dawa unazokunywa, au ugonjwa wa ubongo wenyewe. Daktari atatafuta."

"Na vitu vyangu vinavyoibwa?"

Mtaalamu alimtazama mke kwanza, kisha mume. "Mtu akiweka kitu asikumbuke alikoweka, kichwa chake hakikubali kukaa bila jibu. Kinatafuta mwizi. Na kwa kuwa sehemu nyingine za kichwa chako ni kali, mwizi unampata, na ushahidi unakaa vizuri kabisa."

Kitasa alitaka kujibu. Alikuwa na majibu, siku zote alikuwa nayo. Lakini akaukumbuka mlango wa mwalimu mstaafu, yule mama amesimama ndani ya nyumba ambayo yeye amekuja kuifungua, na kwa mara ya kwanza alimshuku mtu ambaye hajawahi kumshuku: yeye mwenyewe. Aliogopa. Aliogopa waziwazi, mikono juu ya mapaja kama mtoto.

Walirudi kwa miguu. Karibu na duka akasimama.

"Lakini mtu alikuwa anaingia," alisema. "Hilo sikuliota."

"Alikuwa anaingia," mkewe alijibu. "Mimi."

Kitasa akageuka kumtazama.

"Tupa niliikuta kwenye ndoo ya unga. Bisibisi, chini ya mto wako. Miwani ilikuwa bafuni, ndani ya kisahani cha sabuni. Nilikuwa nachukua ufunguo kwenye koti, narudisha vitu kabla hujaamka, ili usijione unapotea. Ukibadilisha kitasa, nasema basi, nimekamatwa. Halafu naukuta ufunguo mpya mfukoni mle mle." Akatupa jicho kuelekea dukani. "Kaka hajui lolote. Nimekuacha umchukie bure, kwa sababu nilijua ukiacha kumchukia yeye utanigeukia mimi, na mimi nisingeweza."

Alikuwa amefunga milango yote miezi kadhaa dhidi ya adui mmoja, na adui huyo alikuwa akija alfajiri na kanga yake, kumrejeshea miwani.

Shemeji alikuwa barazani kama kawaida, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akingoja kufunguliwa. Alisimama haraka, uso ukiwa na hofu ya mtu asiyejua amekosa nini. Safari hii hakucheka.

Kitasa alitoa ufunguo, akafungua duka. Mlango haukusukumwa. Aliufunga tena, akageuka, akauweka ufunguo kwenye kiganja cha mkewe.

"Fungua mwenyewe," alisema. "Ni mgumu. Unyanyue kidogo kwanza, ndipo uzungushe kushoto." Kisha akamtazama kaka wa mkewe. "Na wewe, shemeji, sogea uone."

Akaondoka mlangoni, akasimama pembeni, mgongo wake ukiegemea ukuta wa fundi cherehani, asimzibie mtu yeyote. Mkewe alijaribu, ukagoma. Akanyanyua, akazungusha kushoto, mlango ukafunguka.