Dobi Aliyefunga Hadi Baada ya Pasaka

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa marufuku kugusa maji. Nilikuwa binti wa kijijini Kishapu, nikajiona fundi wa kufua kwa sababu nguo za nyumba yetu nzima zilipita mikononi mwangu. Matroni wa nyumba ya wageni pale Songwa, jirani na mgodi wa almasi, alinikabidhi shuka lenye doa la damu, nami kwa mbwembwe nikalitosa kwenye beseni la maji ya moto. Akalichomoa kwa kijiti.

"Wewe binti, unafua au unanyonyoa kuku?"

Akanieleza kwamba damu, jasho na maziwa huanzia maji ya baridi. Ukivitia moto kwanza, doa linapikwa ndani ya uzi na halitoki tena. Siku hiyo nzima nilifanya kazi ya kutenga tu, yaani kugawa nguo kwa rangi na kwa aina ya uchafu kabla hazijaona sabuni. Nilinuna, lakini jioni nilikuwa nimejifunza mengi kuliko nilivyotaka kukiri.

Matroni yule alikuwa mkali, na nilimpenda. Alitufundisha kushona mpasuko kabla ya kufua, kwa sababu maji huupanua. Nguo ya rangi tuliigeuza ndani nje na kuianika kivulini. Kola tulizifikicha kwa sabuni ya kipande, tukaziacha zilowe, badala ya kuzisugua kwa brashi mpaka zichakae. Wanga wa kukazia nguo tulikoroga wenyewe kwa unga wa muhogo. Ninyi mnaonunua shati jipya kila mwisho wa mwezi mtacheka, ila mimi nina gauni la kanisani lililowahi kuvaliwa na mama yangu, na bado watu huniuliza nimelinunua duka gani.

Chakula cha mchana nilibeba kutoka nyumbani. Kwa kawaida kilikuwa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kukaushwa juani. Hukaa miezi bila kuoza. Ukiyatafuna na karanga za kukaanga, ukashushia maji, unafika jioni bila kugombana na mtu. Wenzangu walinunua wali na maharage kwa mama lishe na kuniita Mama Ghala. Sikujali. Fedha ya chakula niliyopewa ilirudi nyumbani nzima.

Baadaye nikaajiriwa na mkandarasi aliyefua nguo za kambi moja ya wachimbaji upande wa Kahama. Huko kulikuwa na mashine kubwa za kufulia, na pasi ya mtambo yenye rola mbili za moto zinazomeza shuka huku na kulitoa kule limenyooka. Ovaroli za watu wa chini ya ardhi tulizilowesha kwanza, kwani ukizikung'uta zikiwa kavu vumbi la mawe linaingia kifuani mwako. Kila kitu kilikuwa na utaratibu wake, nami niliufurahia.

Wakati huo nilikuwa mjane mwenye mapacha, Kulwa msichana na Doto mvulana. Kwetu Usukumani mapacha hawatofautishwi. Ukimpa mmoja kandambili, unampa na mwingine. Ukimnyima mmoja, umewanyima wote. Walipochaguliwa wote wawili kwenda sekondari ya bweni, shemeji yangu alikuja kunishauri.

"Mama Kulwa, mmoja asome, mwingine achunge ng'ombe. Huwezi wote."

"Shemeji, nani alikwambia nilizaa nusu?"

Akaondoka amekasirika. Nami nikabaki na sare jozi jozi, magodoro mawili, nauli mbili na michango miwili. Sare nilizimudu. Nilinunua za mtumba, nikazifumua, nikazipindua upande ambao haujapauka na kuzishona upya, na walivaa kama watoto wa bosi. Shida ilikuwa mwaka ule mvua ilipogoma na viazi vikakosekana. Matobolwa yalipanda bei yakawa chakula cha matajiri. Nikaona tumbo langu linaweza kusubiri jioni.

Wenzangu niliwaambia nimefunga. Ilikuwa Kwaresima, wakaniamini, na mmoja akaniomba nimwombee. Pasaka ikaja, ikapita, mimi bado nimefunga. Msimamizi wa dobi, baba mmoja mpole aliyependa kutembea mikono nyuma, akanisimamisha mlangoni.

"Mama Kulwa, Bwana ameshafufuka. Wewe unafunga nini?"

"Nina nadhiri, baba."

"Sawa. Lakini ile pasi haijui nadhiri. Mtu mwenye njaa asiisogelee."

Nilimwitikia na kuendelea. Siku moja, joto la rola likinipiga usoni, nikaona shuka linakuwa jeusi. Niliamka nimelazwa juu ya rundo la mataulo, msimamizi akinipepea kwa kofia yake. Akaamuru nirudishwe nyumbani kwa gari la kambi. Bahati mbaya watoto walikuwa likizo. Dereva hakujua kuficha jambo. Alisema mlangoni, kwa sauti yake kubwa:

"Tabibu wa kambi amempima. Hana ugonjwa, ana njaa. Mkorogeeni uji."

Kulwa alikoroga uji huku analia. Doto alinishikia bakuli, akinitazama mpaka nikamaliza.

Shule zilipofunguliwa, Kulwa alifunga sanduku lake. Sare za Doto zilibaki kitandani, zimekunjwa vizuri kama nilivyomfundisha.

"Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma, kama anavyoita akiwa na jambo zito, "nimepata kazi Kharumwa, kwenye karasha."

Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Nilipandwa na hasira.

"Nimeshinda njaa kwa ajili yako, halafu unaniletea karasha?"

"Ndiyo maana, Mayu."

Kulwa akasema naye haendi, mapacha hawatofautishwi. Doto akambebea sanduku mpaka stendi na kumwambia asome yeye kwa niaba ya wote wawili. Nilimfuata Doto Kharumwa mara nyingi kumbembeleza arudi. Msimamizi, na hata yule shemeji, walimsihi. Hakurudi.

Sasa nimestaafu na ninaishi hukuhuku Kharumwa. Kulwa ni mwalimu. Doto bado yuko kwenye mawe, na nguo zake za kazi namfulia mwenyewe, nikizilowesha kwanza. Inaniuma mpaka leo, sitawadanganya. Vijana huja kuniuliza nilibanaje matumizi kwa mshahara mdogo vile, nami nawaonyesha kushona, kufikicha kola, kukausha viazi. Hayo fanyeni bila woga. Lakini mkila mchana, kuleni mbele ya wale mnaowahangaikia, wawaone mnashiba. Mimi nilidhani nabana tumbo langu peke yangu.

Doto huja kula kwangu kila Jumapili. Ni mtu mzima, ana mke na watoto wake, lakini nikishaweka ugali mezani hukaa ananitazama, na hatii tonge kinywani mpaka aone mimi nimemeza la kwanza.