Chuo chetu cha Karagwe kilipohama ligi, na vibuyu vya Ma Yustina vikatuumbua

Wakuu, hamjambo humu ndani. Walionizidi umri shikamooni, ingawa nahisi tumebaki wachache.

Miaka yote nimekuwa msomaji tu wa jukwaa hili. Nasoma, nacheka, nagonga like, naondoka. Lakini juzi nimeona uzi wa kijana aliyeacha kazi kwa kutuma meseji asubuhi, halafu anashangaa bosi wake wa zamani hapokei simu. Nikasema leo na mimi niandike.

Ninachosimulia kimenitokea mimi mwenyewe, na aibu yake niliibeba kichwani, sio kwa maneno, kichwani kabisa. Ni kirefu kidogo, mwenye haraka apite kimya kimya.

Ilikuwa miaka ya themanini, vita ya Kagera imeisha miaka michache nyuma. Dizeli shida, sabuni shida, magari ya kubahatisha. Nilikuwa mwaka wa mwisho kwenye chuo kidogo cha ualimu cha kanisa, upande wa Nyabiyonza, wilaya ya Karagwe. Jina la chuo naliacha. Kiwanja chetu kilizungukwa na migomba na mibuni, mpira ukitoka nje mnaenda kuutafuta shambani kwa watu na mnarudi mmetukanwa.

Nilicheza netiboli, nafasi ya GS, yule wa kufunga. Sitaki kujisifu ila nilikuwa nafunga bwana. Hilo aliyecheza na mimi hawezi kubisha.

Sasa tuelewane kuhusu ligi, maana ndiyo kisa chenyewe.

Chuo chetu kilikuwa kwenye ligi tuliyoiita Umoja. Vyuo vinne vya makanisa, Walutheri na Wakatoliki, mnacheza nyinyi kwa nyinyi mwaka mzima, bingwa anapewa mbuzi, mnamla wote, basi. Upande wa pili kulikuwa na ligi ya vyuo vya serikali, tukiiita Ligi ya Bukoba kwa sababu fainali zilichezwa Bukoba mjini. Ligi hizi mbili hazikupikika chungu kimoja. Ukiwa huku, kule hukanyagi.

Na wateuzi wa timu ya mkoa walikuwa wanaangalia Ligi ya Bukoba tu. Umoja hawakuja hata siku moja.

Mimi nilikuwa nimebakiza muhula mmoja nimalize chuo. Nikimaliza napangiwa shule huko porini, netiboli kwaheri. Kwa hiyo nilitaka sana tuhame, na kama kiranja wa michezo nilimsumbua mkuu wa chuo mpaka akawa akiniona anageuza njia. Mwishowe akakubali. Ligi ya Bukoba wakasema karibuni, ila mlete barua ya Umoja kwamba wamewaachia, na usajili unafungwa Jumatatu ya wiki inayofuata.

Mkuu wetu alikuwa Msambaa wa Lushoto, Mlutheri wa kweli, mtu safi, mpole, anayeamini karatasi. Akaandika barua nzuri iliyopigwa taipu, akagonga muhuri, akaituma Kimuli (siku hizi ni wilaya ya Kyerwa, zamani yote Karagwe). Huko ndiko alikokaa mwenyekiti wa Umoja, Ta Byarugaba, mkuu wa chuo cha ufundi. Kwetu huku mwanaume wa heshima unamwita Ta, mama wa heshima unamwita Ma.

Jibu likaja Jumatano. Lilikuwa hivi: "Barua nimeiona. Nawasubiri."

Mkuu akaisoma mara tatu. Akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna kingine. Akaniuliza, "Anasubiri nini tena huyu mzee, na kila kitu nimemwandikia?"

Mimi mwenyewe sikujua vizuri. Baba yangu alikuja kutoka Rwanda kutafuta kibarua cha kahawa, nyumbani tulikuwa na desturi zetu. Aliyetufumbua macho ni Ma Yustina, mpishi wa chuo, Mnyambo wa hapo hapo.

Akasema, "Baba Mkuu, mtu akihama kwa watu haandiki. Anakwenda na kibuyu, anakaa chini, anakunywa nao, anasema naondoka. Mmewatumia karatasi kama mnawadai."

Mkuu akasema kibuyu cha rubisi hakitatoka kwenye chuo chake akiwa hai. Kwa wasiojua, rubisi ni pombe ya ndizi. Na kwake pombe ilikuwa pombe tu, hata ukiiita jina la mtakatifu.

Ma Yustina akawaza. Akasema basi tupeleke juisi. Ndizi zikishakamuliwa kwa nyasi, ile juisi kabla haijawekewa mtama na kulala ni tamu kama sukari, watoto wanakunywa, mchungaji anakunywa. Mkuu akakubali, akafurahi hata.

Alhamisi tukakamua. Vibuyu vya chuo havikuwepo, Ma Yustina akaazima vinne kwa dada yake jirani. Mkuu akauliza ni visafi? Akajibiwa vimesuuzwa mara mbili.

Wanangu wa Kagera mnaosoma hapa najua mmeshashika kichwa. Tulieni, wenzenu wa mikoani hawajajua.

Ijumaa asubuhi tukaondoka na lori la kahawa, Mkuu mbele na dereva, mimi na wachezaji wenzangu watatu nyuma na vibuyu vyetu vimezibwa kwa majani ya mgomba. Kabla hata hatujafika nusu ya njia lori likafa. Tukakaa pale kutwa nzima juani, tukalala parokiani kwa watu wema, Jumamosi dereva akasema sehemu iliyobaki tumalizie kwa miguu.

Kwa hiyo kila mmoja kibuyu kichwani, jua linawaka. Njiani changu kikapiga kelele, pu, kizibo kikaruka. Nikakiokota nikaziba tena. Nikadhani ni joto. Kibuyu cha mwenzangu nacho kikafanya hivyo hivyo, povu likamshukia shingoni, akalilamba akasema juisi imenoga.

Na mimi nikasema enhe, imenoga. Wasichana wawili wa ualimu, wa mwaka wa mwisho, kesho tunafundisha watoto wa watu sayansi.

Tukafika Kimuli mchana. Kamati ya Umoja ilikuwa imekaa ofisini inatusubiri. Ta Byarugaba, wakuu wa vyuo viwili vingine, mmoja wao Sista Domina, mtawa mnene mwenye macho makali. Dirishani walikuwa wamejazana wanafunzi, na katikati yao namwona Leokadia.

Leokadia huyu alikuwa GD wao, yaani yule anayemzuia mfungaji. Miaka miwili kazi yake ilikuwa ni mimi. Ananikanyaga, ananivuta sketi refa akigeuka, ananinong'oneza maneno ambayo Sista angeyasikia angezimia. Nilikuwa simpendi kabisa, na yeye hanipendi.

Tukapiga magoti tukasalimia, shikamoo baba, shikamoo Sista, tukaweka vibuyu. Mkuu akasimama akaanza kueleza kwamba tumekuja kuaga rasmi. Ta Byarugaba akamwonyesha mkono akae kwanza. Akamimina kwenye kikombe, akanywa funda moja. Akanywa la pili, refu.

"Mwalimu," akamwambia Mkuu, "wewe si Mlutheri?"

"Ndiyo, mzee."

"Na hii umeileta wewe?"

"Ni juisi tu ya ndizi, mzee wangu. Tumekamua juzi."

"Hebu onja."

Mkuu akaonja. Wakuu, uso ule sitausahau. Alibaki amekishika kikombe, hajui ameze au ateme mbele ya Sista.

Vibuyu vya dada yake Ma Yustina vilikuwa vya rubisi tangu vimeanza kazi. Suuza mara mbili, suuza mara kumi, chachu imelala mle ndani kwenye ukuta wa kibuyu. Siku mbili juani, juisi yetu ilikuwa imekuwa pombe ya kumwangusha mtu mzima. Na tulikuwa tumeibeba vichwani kutoka chuo cha Walutheri, mchana kweupe, tukisalimia watu barabarani.

Mkuu akaanza kuomba radhi, jasho linamtoka. Sista Domina akanyoosha mkono amiminiwe, akasema naye aangalie, isije ikawa ni sumu. Akaangalia. Akaangalia tena. Akasema haina sumu.

Hapo Ta Byarugaba akacheka mpaka akavua miwani. Dirishani nao wakalipuka, na hata Mkuu wetu, polepole, akaanza kucheka akiwa bado amekishika kile kikombe.

Nikadhani yameisha. Lakini mzee akafuta macho akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye mfungaji. Nimeambiwa wewe ndiye uliyetaka kuhama. Kwa nini mnatuacha?"

Nilikuwa nimeandaa maneno ya ofisini, maendeleo ya michezo na nini. Yakayeyuka. Nikasema tu, "Baba, namaliza chuo mwaka huu. Nataka watu wa mkoa wanione nikicheza. Huku hakuna anayeniona."

Akanitazama. "Sisi tunakuangalia miaka miwili. Sisi si watu?"

Hakusema kwa hasira, na hicho ndicho kilichoniumiza. Machozi yakanitoka pale pale nimepiga magoti. Nikasema, "Mnisamehe, baba. Nilipaswa kuja kuwaambia kwanza."

"Umekuja," akasema. Akaomba kalamu, akaandika barua ya kutuachia, akampa Mkuu mkononi. Jumatatu tukasajiliwa.

Mechi yetu ya kwanza ilikuwa kwetu Nyabiyonza, tunacheza na chuo kikubwa cha serikali. Walikuja na ngoma, na tarumbeta, na mashabiki basi zima. Wateuzi wawili wa mkoa wamekaa kwenye viti na madaftari. Sisi tulikuwa na Ma Yustina na wanafunzi wachache, maana wengi walikuwa wameenda makwao kuvuna kahawa.

Nikaanza vibaya sana. GD wao alikuwa mrefu kama mlingoti, kila mpira anaudaka. Nikakosa manne mfululizo. Nikasikia mteuzi mmoja anapiga miayo, nawaambia kweli niliisikia.

Karibu na mapumziko likaja lori la kahawa, limejaa watu wanaimba. Kimuli. Ta Byarugaba mbele na dereva, nyuma wanafunzi wamesimama kama magunia. Aliyewaambia siku ya mechi simjui mpaka leo. Wakashuka, wakaimba nyimbo zile zile walizokuwa wakituzomea nazo miaka yote, safari hii wameweka jina langu la sifa badala ya la matusi.

Leokadia hakuimba. Alikuja moja kwa moja nyuma ya goli langu, akakunja mikono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyo anaruka mapema. Shika mpira, hesabu moja, ndipo urushe. Mimi hukuniweza kwa sababu sirukagi mapema, huyu utamuweza."

Nikashika, nikahesabu moja, nikarusha. Ukaingia. Na uliofuata ukaingia, na uliofuata.

Tulifungwa ile mechi, ishirini na moja kwa kumi na tisa. Mabao kumi na sita yalikuwa yangu. Nilikuwa nimekaa chini nahema, sijui lolote, nikamwona Leokadia anakuja mbio anakatiza kiwanja. Alikuwa amepita nyuma ya wateuzi akachungulia daftari. Akanikamata mabega akasema, "Wamekuandika. Jina lako nimeliona kwa macho yangu." Alikuwa analia, huyo mvuta sketi.

Nikamwambia na wewe njoo uwaambie unacheza. Akasema, "Sisi tuko Umoja, hawatuandiki." Akacheka, akanifuta vumbi usoni kwa kanga yake, akarudi kwenye lori lao.

Wakuu, nilichezea mkoa misimu miwili. Nimekutana na ma-GD wa kila aina, hakuna aliyemfikia yule binti. Alikuwa bora kuliko mimi, na aliyemwona ni mimi tu.

Nilichojifunza ni kwamba kuhama sio kosa, hama hata mara kumi kama kuna riziki. Ila nenda ukawaambie watu ana kwa ana, ukae nao, wakuulize maswali ya kukuumiza. Yule kijana wa meseji ya asubuhi, bado hujachelewa, nenda kamwone bosi wako.

Na wewe uliyehama timu, kazi, kanisa hata kijiji, uliaga vipi? Tusimulie hapo chini. Na kama kuna mtu wa Kimuli anayemfahamu mama mmoja anaitwa Leokadia, alicheza GD chuo cha ufundi miaka hiyo, mwambieni GS wake bado anamtafuta.