Mama Hakutaka Matandazo

Baba alipofariki, mimi na kaka yangu tuliamua mama asibaki peke yake kijijini Nkoma. Ng'ombe wake wakabaki kwa mjomba, jirani yake, nami nikamleta mama kwangu Bariadi mjini. Alikuja na begi na jembe, na tangu siku ya kwanza hakutulia.

Nyuma ya nyumba nilikuwa na bustani ndogo ya nyanya, mchicha na bamia. Kiangazi cha kwetu hakina huruma, hivyo nilifunika matuta kwa matandazo ya majani makavu ya mpunga ili udongo usikauke. Chini ya mpapai palikuwa na lundo langu la mboji: maganda, majivu, magugu.

Asubuhi moja niliamshwa na moshi. Mama alikuwa amefagia matandazo yote na kuyachoma.

"Mayu," nilimwita mama kwa Kisukuma, "umefanya nini?"

"Nimesafisha," alisema, ufagio ungali unakwenda. "Nyoka anatafuta pa kulala, wewe unamtandikia."

Nilimweleza faida ya matandazo. Alisikiliza macho yakiwa barabarani. Nikatafuta majani mengine, nikatandaza. Nilipokwenda kazini, akayafagia. Ndiyo yakawa maisha yetu, na jioni tunakula ugali na mlenda bila kutazamana. Ofisini kazi haikufanyika. Nilikuwa nawaza tu, sasa hivi anachoma nini?

Siku moja nilirudi mchana nikakuta mlango wazi, nyumba tupu. Nilikimbilia stendi, nikauliza kwenye kila basi la kwenda kwetu. Hawakumwona. Nilikuja kumpata kwenye mnada wa ng'ombe, ameinama katikati ya kwato, anazoa samadi kwa mikono na kutia kwenye kiroba.

"Mama! Nimekutafuta mji mzima!"

"Lile lundo lako haliozi. Lina njaa ya mavi ya ng'ombe." Akamtazama ng'ombe mmoja mwekundu aliyekuwa akinyonyesha. "Ng'wanone, mwanangu, mimi nilizoea kuamkia zizini. Hapa kwako naamkia nini?"

Nilikibeba kiroba.

Matuta hakuyafagia tena. Lundo likawa lake. Alichanganya samadi, akanyunyizia maji, akapenyeza mkono ndani na kusema, "Limeshika joto." Lakini hakuweza kuliacha. Asubuhi analipindua, jioni analipindua, hadi joto lenyewe likapotea.

"Liache lipumzike, mama."

"Halafu mimi nifanye nini?"

Nilimpigia kaka simu, nikamwambia namrudisha. Akawa mkali. "Kule nani atamtunza?"

"Huku anatunzwa," nikasema, "lakini haishi."

Mvua za kwanza zilipoanguka tukaondoka. Mjomba alikuwa amesharudisha ng'ombe zizini kwa mama, na ameahidi kwamba binti yake atalala kwake kila siku. Gari halijasimama sawasawa, mama alishafungua mlango. Hakuingia ndani ya nyumba. Alikwenda moja kwa moja zizini, akawaita ng'ombe kwa Kisukuma, kila mmoja kwa rangi yake, na mimi nikabaki nimeshika begi lake kama mgeni.

Nilirudi Bariadi jioni ileile. Nilipika ugali, nikakaa, nikainuka, nikatoka uani, nikarudi. Chakula kikapoa. Mwishowe nikapiga simu.

"Umekula, mama?"

"Nimekula. Nimechoka kweli," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeridhika. "Nipigie kesho, mwanangu. Nina usingizi."