Skuta ya Mama wa Mabeseni

Mimi sipendi mteja anayeniambia, "Fundi, wewe fanya tu unavyoona." Ninavyoona mimi ni vya kwangu. Skuta ni yako, mgongo ni wako, na siku ukianguka pale Msimbazi goti litakalochubuka ni lako. Kwa hiyo mtu akija gerejini kwangu Gerezani anataka nimtengenezee skuta, kwanza namkalisha. Kuna kreti la soda nimeligeuza kando ya ukuta. Namwambia kaa, fumba macho, nyoosha mikono kama umeshika usukani. Pale ngumi zinapofika napiga chaki ukutani. Halafu naanza maswali. Unavaa viatu gani? Unabeba nini? Kiuno kinauma? Barabarani unamwogopa nani?

Wengine wanachoka kabla sijamaliza. Mchuuzi mmoja wa samaki wa kule Feri aliniuliza kama nampima skuta au sanda. Nikamwambia vyote napima, achague mwenyewe. Alicheka mpaka akakohoa, lakini akajibu maswali, na ndiyo maana sanduku lake la samaki lina tundu la kutolea maji upande ambao hayachuruziki kwenye ekzosi.

Skuta zenyewe zinakuja kuukuu, ndani ya makontena, na mtu wangu wa bandarini ananipigia simu zikishashushwa. Ni vyombo vizuri, ila vimetengenezewa watu wasiobeba kitu kuzidi mkoba. Hapa Kariakoo mtu anataka kupakia marobota mawili na mwanawe. Nakata fremu, narefusha, nabadilisha shokapu, nachomelea. Hakuna skuta iliyotoka kwangu inayofanana na mwenzake, na kwa hilo najisifu bila aibu.

Mama wa mabeseni alikuja asubuhi moja kwa bajaji, akashuka na mkongojo mmoja. Nilimfahamu kwa sura. Ni mtu wa Kilimanjaro, ana duka la jumla la vyombo vya plastiki, ndoo na mabeseni yaliyopangwa mpaka darini, na stoo yake iko Mchikichini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule fundi mwenye maneno mengi?"

"Ndiye mimi."

"Haya, yaanze."

Akakaa kwenye kreti bila kuambiwa. Akavuta sketi kidogo nikaona mguu wa kulia ni wa bandia kuanzia chini ya goti. Sukari, akasema, kama mtu anayetaja jirani msumbufu. Kabla ya hapo alikuwa akiendesha skuta yake mwenyewe, dukani na stoo, stoo na dukani, tangu watoto wake hawajaanza shule. Alipotoka hospitali akakuta mwanawe wa kwanza ameshaiuza skuta ile na ndiye anayesimamia duka.

"Anasimamia vizuri, simsemi vibaya," aliniambia. "Lakini ananipigia simu jioni ananisomea mauzo kama taarifa ya habari. Wanataka nikae nyumbani Kimara niangalie tamthilia. Fundi, mimi nikikaa nyumbani mwaka huu, lile duka sitaliona tena. Najijua, na wao nawajua."

Nikampima. Nikamuuliza kama nimwekee matairi matatu, akanitazama kama nimemtukana. Matatu ni ya kubebea mizigo, akasema, yeye anataka mawili kama watu. Basi tukazungumza mawili. Nilishusha kiti ili mguu wake mzima, wa kushoto, ukanyage chini wote akisimama. Nikapanua pale pa kuwekea miguu, na upande wa kulia nikafunga kikombe cha raba cha kukalia kiatu cha ule mguu wa bandia kisiteleze. Stendi nikaihamisha, aishushe kwa mkono badala ya kupiga teke. Alikuja mara nne kujaribu, na kila mara aligundua kosa. Mara ya tatu tuligombana kuhusu kioo cha pembeni, akaniita kipofu, mpaka majirani wakaja kuchungulia. Nilimpenda sana yule mama, sitaficha.

Kazi ilipokaribia kwisha, mwanawe alikuja peke yake. Kijana wa miaka kama thelathini na kitu, shati limenyooshwa, adabu tele. Alinisalimia vizuri, akasifia kazi, akaomba tuongee pembeni.

"Kaka, mimi ndiye niliyelala naye hospitali," alisema. "Nimemwona mama yangu akilia, kitu ambacho sijawahi kukiona maishani. Nikimkataza skuta atasema nataka duka. Sasa nakuomba wewe. Mtengenezee, afurahi, lakini isikimbie. Iende taratibu tu, kama baiskeli. Na usimwambie."

Mimi ninayegombana na watu kwa ajili ya kioo cha pembeni, sikubishana naye hata neno moja. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani ni mazoea yetu. Kwetu mtu akishaugua anakuwa mali ya familia. Unakwenda kumjulia hali, amekaa palepale, macho makavu, masikio mazima, na wewe unamuuliza aliye pembeni yake: amekula? Usiku amelala? Dawa anameza? Tunaona ndiyo heshima, tusimchoshe mgonjwa. Kijana wa watu amekuja kuniongelea habari za mama yake, nikamsikiliza kama vile yeye ndiye mwenye skuta. Na nasema kweli, nilijiona nina busara siku ile. Tulipeana mikono kama wanaume wawili wanaojua dunia.

Mkono wa mafuta, ule wa kulia unaouzungusha skuta ikimbie, ndani yake una kibati kinachozunguka nao. Nilichomelea hapo kidonge cha chuma, kidogo tu, kama punje ya hindi, ili mkono ugote ukifika nusu. Nikarudisha raba juu yake. Kwa nje usingeona kitu.

Siku ya kuichukua alikuja na kitenge kipya. Alizunguka mtaa wetu mara tatu, wachomeleaji wote wamesimama wanampigia makofi, wengine wanagonga mabati kwa nyundo. Aliporudi macho yalikuwa yamelowa.

"Mbona nzito kuondoka?" aliniuliza.

"Injini bado haijazoea, mama. Itafunguka."

Uongo ulitoka laini kama mafuta ya nazi. Akaniamini, kwa sababu mpaka siku hiyo sikuwa nimemdanganya kitu.

Wiki ile nilisikia habari zake kwa kila aliyepita. Kaonekana Mtaa wa Kongo, kaonekana stoo, kafukuza kibarua aliyekuwa akilala juu ya magunia ya vikombe. Nilifurahi. Nilisema moyoni, umeona, kila mtu kapata alichotaka.

Halafu kukawa kimya. Siku ya tatu ya kimya kile nikaona kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kimesimama mbele ya gereji, skuta imefungwa kamba nyuma, ubavu mmoja umechubuka rangi yote. Kijana alikuwa ameshika usukani. Mama yake alishuka upande wa pili, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko.

Nilimpa pole, nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Fundi, kazi yako ilikuwa nzuri," alianza. "Sitaki ufikirie vingine. Ni mimi."

Akanieleza. Alikuwa anaingia Barabara ya Uhuru akitokea kwenye kona. Fuso la saruji lilikuwa linakuja, lakini lilikuwa mbali. Aliliangalia, akapima, akaona nafasi ipo na inabaki. Akavuta mafuta. Skuta ikajikokota. Akavuta tena, mkono ukagota, na Fuso hilo hapo, honi na breki vinalia pamoja. Alichoweza kufanya ni kujilaza upande wa kushoto. Gari lilisimama hatua mbili kutoka kichwani kwake. Ule mguu wa bandia ulichomoka ukabiringika mpaka kwenye mtaro, akauokota muuza machungwa.

"Watu wakajaa," alisema. "Unajua walichosema? Mama na mguu huo, barabarani unatafuta nini? Mwingine anauliza, huyu watoto wake wako wapi? Nikiwa nimelala pale chini, nawasikia."

"Pole, mama."

"Ila walisema kweli. Nimefikiri siku tatu. Zamani nafasi ile ningeingia na ningepunga mkono. Ina maana sasa sioni vizuri. Jicho langu limekufa pamoja na mguu, nadhani naiona barabara kumbe siioni. Macho nitayanunua wapi? Basi. Nitafutie mtu wa kuichukua hii skuta. Duka nimeshamwachia huyu."

Alisema yote hayo kwa sauti ndogo. Mama yule aliyeniita kipofu kwa ajili ya kioo! Nilitamani anitukane.

Kijana alikuwa amesimama mlangoni, anatazama viatu vyake. Akainua uso tukaangaliana. Hakunikonyeza, hakuniomba kitu, ila nilijua anangoja kuona nitafanya nini, na yeye alijua kwamba najua. Na ilikuwa rahisi mno! Ningenyamaza, nani angegundua? Skuta ningeitoa kidonge, ningeinyoosha ubavu, ningemtafutia mtu. Yule mama angerudi Kimara akiamini mpaka anaingia kaburini kwamba macho yake yalimdanganya. Nilijichukia siku ile.

Nikapanda kwenye kirikuu, nikafungua kamba, nikaishusha ile skuta peke yangu, nusura iniangukie. Nikachukua bisibisi. Nikafungua mkono wa mafuta, nikavuta raba.

"Mama, njoo uone hapa."

Akasogea na mkongojo wake. Akainama.

"Jicho lako halijafa," nilimwambia. "Nafasi ilikuwepo. Ulipima sawasawa. Skuta ndiyo iliyokataa kwenda, kwa sababu ya hiki."

Akakigusa kile kidonge kwa kidole. Akazungusha mkono mpaka ukagota, akaurudisha, akazungusha tena.

"Hiki kilikuja nayo kutoka huko ilikotoka?"

"Hapana. Nimekiweka mimi."

"Wewe?"

"Mimi, mama."

Haki ya Mungu, nilitegemea kofi, na ningelipokea. Alibaki ananitazama tu, kama anajaribu kukumbuka ameniona wapi. Sikutaka kumtaja mwanawe, japo neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini kijana naye alikuwa na utu wake. Akatoka mlangoni akaja mpaka tulipo.

"Mama, mimi ndiye niliyemwomba. Fundi usimlaumu sana. Niliogopa. Tulifanya kwa kukupenda."

Mama akanigeukia mimi.

"Kitoe."

Nikachukua tupa nikaanza kusaga. Chuma nilichokichomelea kwa dakika mbili kilinichukua karibu nusu saa, kwa sababu sikutaka tupa iumize kibati chenyewe. Majirani walihisi kuna jambo, wakapunguza kugonga. Nilipomaliza nilifunga raba, nikatia mafuta ya kulainishia, nikaiwasha, nikaizungusha mbele yake mpaka injini ikapiga kelele yake yote. Nikamwambia tayari, na nikasema nisamehe mama, mara mbili.

Alimpa mwanawe mkongojo aushike. Akapanda, akaingiza mguu wa bandia kwenye kikombe cha raba, akapandisha stendi kwa mkono. Bendeji ilikuwa inamsumbua kidogo, akaisogeza. Nilidhani ataondoka hivyo hivyo. Lakini aliizima injini kwanza ili tumsikie.

"Wale madaktari walionikata mguu," alisema, "walikuja wakakaa kitandani kwangu. Nilikuwa na homa, naona watu wawili wawili, na bado walikaa. Wakanieleza wanakata wapi na kwa nini. Wakaniambia mama, ukikataa tunakusikiliza. Nikalia, nikamaliza, nikaomba kalamu. Nimeweka sahihi kwa mkono huu."

Akamwangalia mwanawe, halafu mimi.

"Wale ni wageni, walikuwa wanachukua mguu wangu, na bado waliniuliza."

Akamnyang'anya mwanawe mkongojo, akauchomeka pembeni ya kiti, akawasha. Akavuta mafuta, akatoka na kukunja kona kuelekea Mchikichini. Hakutuaga.