Okidi Yangu ya Gikondo

"Huyu wa Bujumbura na diploma yake ya kilimo ataotesha majani tu, ua hatuoni," jirani yangu Damasi aliwaambia watu wa Gikondo.

Basi okidi yangu ya sebuleni ikachanua! Moja tu, lakini ua la haja! Kwa furaha nilikesha nikilitazama. Asubuhi, tukitoka misa, niliwaburuta majirani waje waone kazi ya msomi. Nikavuta pazia: shina tupu.

"Damasi, umenikatia ua kwa wivu!" nilifoka mbele ya wote.

Damasi akacheka. "Bwana Agronomu, kwani kanisani ulikuwa wapi?"

Mama akanishika mkono. "Mwanangu, nililipeleka kwa Bikira Maria, nilitaka ufurahi. Padri amelisifu, amekutaja jina. Kanisa zima likageuka kukutazama, nawe unakoroma."