Kadi ya Ubatizo Isiyokuwa Yangu

Mimi niliyeweza kukwambia, kwa desimali nne, uwezekano wa mtu wa miaka arobaini kufa kabla hajafika hamsini, sikujua nimezaliwa lini. Fedheha hiyo ndiyo iliyonirudisha kijijini kwetu Didia nikiwa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu, nimenuna kwenye treni tangu Dar es Salaam hadi Shinyanga.

Nilisoma hesabu, na nilitaka kitu kimoja tu: kuwa mtaalamu wa hesabu za bima, yule anayekadiria watu wataishi miaka mingapi. Tulifundishwa kwa jedwali la vifo la Wazungu. Watoto laki moja wanazaliwa, unawafuata mwaka hadi mwaka mpaka anakufa wa mwisho. Nikajiapiza kwamba iko siku nitatengeneza la kwetu. Basi ikatangazwa nafasi moja ya kwenda ng'ambo kuisomea kazi hiyo. Alama nilikuwa nazo, tena za kutosha. Sharti likawa umri usiozidi miaka ishirini na mitano, na kadi yangu ya ubatizo, karatasi pekee niliyokuwa nayo, ilisema nina ishirini na sita.

Nilijua imekosewa. Jirani tuliyezaliwa naye msimu mmoja aliandikwa zahanati, na yeye alikuwa na ishirini na tatu.

Nilimkuta mama anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Nikamwamkia, na hata maji sijanywa nikamuuliza nilizaliwa mwaka gani. Akasema mwaka ng'ombe wa babu walipokwisha, baada ya palizi la pamba. Mwaka gani huo? Mwaka huo huo. Jamani! Nikamwambia chuo hakiandiki ng'ombe, nikamwekea kadi mbele yake. Hakujua kusoma, lakini alifuta mikono kwenye khanga kabla ya kuigusa.

Ndipo akanieleza. Siku ya kuandikishwa shule, mwalimu alitupitishia mkono juu ya kichwa tuguse sikio la upande wa pili. Wangu haukufika, maana yake umri bado. Baba, mtu asiye na subira kama mimi, alirudi kesho yake na kadi ya kaka yangu aliyekufa kwa surua kabla sijazaliwa. Mimi sikuwa na kadi, kwa sababu baba alikuwa amegombana na padri. Jina la kaka likawa langu. Yaani hata komunyo nimekula kwa ubatizo wa marehemu, na wala sikujua kama aliwahi kuwapo. Kwetu watoto hawahesabiwi, sembuse waliokufa.

Nilifurahi, sisemi uongo. Dawa ilikuwa rahisi: kesho twende mjini kwa hakimu, mama aape kwamba mwenye kadi alikufa, kadi ifutwe, mimi niandikwe upya.

Mama aligeuza michembe.

"Ng'wanawane," akasema, "mtoto wangu, hapo ndipo mahali pekee alipoandikwa. Wewe utaandikwa kwingine."

Nilikasirika. Nimesoma usiku na mchana, nishindwe kwa ajili ya mtoto ambaye hata kutembea hakuwahi? Nikamwambia neno ninalolionea aibu hadi leo: kwamba kwenye jedwali langu huyo alishahesabiwa, yumo katika maelfu wanaokufa kabla ya kufika miaka miwili.

Akanitazama bila hasira.

"Na humo kwenye jedwali lako, anaitwa nani?"

Sikwenda kwa hakimu. Nafasi akaipata mwingine, nami nikapangiwa kufundisha hesabu sekondari huko Geita, kwa watoto waliotoroka kipindi kwenda kuchimba dhahabu. Jedwali la kwetu sikulitengeneza, na inaniuma, nisidanganye. Kadi nilimrudishia mama, akazikwa nayo.

Kazini niliendelea kutumia mwaka ulioandikwa. Nilistaafu miaka mitatu kabla ya wakati wangu, kwa umri wa kaka.