Bilauri Chini ya Meza

Mbao za makasha zina tabia mbaya. Ukizipigilia misumari hupasuka, ukizisahau juani hujikunja, na vifundo vyake huchomoka siku umeshamaliza kupiga msasa, vikaacha matundu ya kupitisha kidole. Lakini sikuwa na mbao nyingine. Nilikuwa na miaka kumi na saba, shule niliiachia darasa la nne, na pale kwetu Jomvu Kuu nilikuwa nimejitia ufundi wa kuunda vijimeza.

Mjomba wangu, hamali wa bandarini, alikuwa amechoka kunitazama.

"Vijimeza vya bi mkubwa vikikubaliwa, endelea na vumbi lako," aliniambia. "Vikikataliwa, Jumatatu twende sote bandarini. Mgongo unao."

Bi mkubwa alikuwa jirani yetu, mke wa mfanyabiashara wa nazi. Alitaka vijimeza vitatu vya kuwekea chetezo cha ubani, mrashi wa kunyunyizia marashi na kitabu mbele ya wasomaji, siku ya maulidi nyumbani kwake. Mwenye duka la vyombo kule Changamwe aliniachia kasha moja kubwa, kwa sharti nizitoe sahani zilizokuwamo, nizifute na kuzipanga rafuni. Zilikuwa sahani nyeupe zenye maua ya kijani ukingoni, zimefunikwa majani makavu. Nilizifuta mpaka vidole vikaniwasha.

Miguu niliikata kutoka mabaki ya boriti, na boriti iliyonyooka sijapata kuiona. Mguu mmoja ukawa mrefu, nikaupunguza. Mwenziwe ukawa mrefu, nikaupunguza na huo. Kijimeza cha kwanza kilipotulia kilikuwa kimepungua kiganja kizima, ikanibidi niviteremshe na hivyo viwili vingine, ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Juu nilipiga randa na msasa mpaka pakateleza. Chini niliziacha alama nyeusi za kasha, kwa sababu ubao ulikuwa mwembamba na meza nilizozijua ni za shuleni. Shuleni hakuna mtu anayetazama meza kwa chini.

Siku ya maulidi, baada ya alasiri, watu walijaa kwenye mikeka hata pa kukanyaga pakakosekana. Vijimeza vikaingizwa kama vinavyoingizwa vyombo vyote katika chumba kilichojaa: kwa kupokezana mikono, juu ya vichwa vya waliokaa. Hilo sikulifikiria. Nimezaliwa katika nyumba hizo na sikulifikiria.

Mzee mmoja aliinua macho kijimeza kilipompita, akaiona alama nyeusi iliyochorwa chini yake.

"Hebu ngoja. Hii si bilauri?"

"Ya sharubati hiyo," akasema wa pembeni yake.

"Sharubati gani hunywewa kwa bilauri ya mguu mmoja? Hiyo ni ya ulevi, bwana. Kasha la ulevi hili."

Vijimeza vyote vitatu vikapinduliwa na kukaguliwa kama kuku wa kununuliwa. Kila kimoja kilikuwa na bilauri yake. Mjomba, aliyekaa ukutani, alinigeukia.

"Sema basi. Fundi ni wewe."

Nilijua la kusema. Bilauri ile huchorwa kwenye kasha lolote lenye vitu vya kuvunjika, ili mahamali wasilitupe. Mjomba mwenyewe huyabeba makasha hayo kila siku. Nilifungua kinywa, watu wote wakanitazama, nikakifunga. Vijimeza vikatolewa nje, chetezo kikawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa.

Kisha pilau ikaletwa, katika sahani mpya za duka la Changamwe, nyeupe zenye maua ya kijani ukingoni. Wakala wakashiba. Hata hapo sikusema.

Asubuhi bi mkubwa aliniita. Nilimkuta uani akisuuza vyombo, na vijimeza vimerundikwa kando ya kuni.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Chukua mali yako."

Nikachukua sahani moja ya mvua kutoka mikononi mwake, nikaiweka juu ya ile bilauri. "Sahani hizi zilitoka kwenye kasha hili," nilisema. "Nilizitoa mimi."

Aliitazama sahani, akautazama ubao.

"Na jana ulikuwa umemeza nini?"

Niliirudisha sahani majini.

"Haya. Zifute bilauri zako uniletee. Siwezi kumweleza kila mgeni habari za sahani."

Nikaanza kupiga randa chini. Ubao wa kwanza ukapasuka katikati, kama nilivyojua utapasuka. Nikarudi Changamwe kuomba kasha jingine, nikapewa na sahani nyingine za kufuta.

Jumatatu alfajiri mjomba alitoka na mkebe wake wa chakula, akanikuta ukumbini napigilia. Vijimeza viwili vilikuwa tayari. Alikiinua kimoja, akakitazama chini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akakirudisha sakafuni. Kikayumba.

"Mguu huu mrefu," alisema, akaenda zake bandarini peke yake.